Nakufeel, na Sijengi Castle

Skiza, msee wangu. Nax hii, yaani Nakuru yetu, hakuna mtu wa mtaa anakimbilia "nakupenda." Hiyo ni ya pastor akifunganisha watu Jumamosi. Ni ya zile soap za kutafsiriwa mathee anakazia macho usiku huku ugali inaungua. Ukirushia manzi "nakupenda" wiki ya kwanza, anaanza kuangalia mlango uko wapi. Sisi tuko na yetu. Fupi, tamu, haina makelele. Nakufeel.

Utaiskia kila kona. Stage ya Kapte, makanga amening'inia kwa mlango, nganya inanguruma, na bado anapata nafasi ya kuirusha. Nyayo Gardens saa saba, watu wa ofisi wamejaza bench na chips za karatasi. Rhonda. Shabab. Pipeline. Milimani kwa watoi wa geti, ambao Sheng yao imelainishwa na cereals, lakini hii moja wanaibonga poa. Enda Njokerio, pale nje ya Egerton: fresher ameshuka na bag ya mathake, hajui hata lecture hall iko upande gani, lakini hili neno amekuja nalo.

Na ni neno la kazi mob. "Nakufeel" kwa dem ni kusema kuna kitu hapa, tusijifanye. "Nakufeel" kwa boyz wako aliyefiwa ni kusema hiyo uchungu imenifikia. "Naifeel hiyo ngoma" ni kusema ongeza volume, majirani watazoea. "Odijo hanifeel" ni kusema mark zangu zilienda mahali na si kwangu. "Tunafeeliana" hapo mambo imeshika. "Hatufeeliani" ni kusema usituweke mathree moja. Halafu kuna ile ya hatari: "anajifeel." Silabi moja imeingia katikati, ji, ile ya kujirejelea mlifunzwa Form Two mkisinzia, na mapenzi yote yamegeuka maringo. Msee anajifeel ni yule amenunua shades za soo mbili Kenyatta Avenue na sasa hasalimii watu. Kumfeel mwingine, mtaa unakupigia makofi. Kujifeel, mtaa unakungoja ukijikwaa.

Sasa wazee. Wazee wamekasirika, kama kawaida. Wanasema tumeua Kiswahili. Wanasema hiyo ni Kizungu tumeiba tukaivalisha. Wapi! Chukua "anajifeel" uipeleke London. London ya Uingereza, si hii yetu ya Gioto. Muulize mzungu ni nini. Atakodoa macho mpaka basi limpite. Mzungu akisema anakufeel, anamaanisha ameelewa shida yako, basi, story imeisha. Hajui kufeeliwa. Hajui kufeeliana. Tulichukua kamzizi, tukakapa na-, ku-, ji- na -iana, kakaanza kufanya vitu kwao hakawezi. Hiyo si kuiba. Hiyo ni kazi ya fundi.

Na wazee wasijifanye. "Mahaba" ilitoka wapi? Kwa Waarabu. "Muhibu"? Huko huko. "Azizi"? Huko huko tena. Watu wa Pwani waliazima maneno ya kubembelezana karne na karne, wakayatungia mashairi, na leo mwalimu wa Kiswahili anayafunza kwa heshima zote. Hakuna mtu alishikwa. Lakini mtoi wa Flamingo Estate akisema "nakufeel," ghafla lugha imekufa na inataka mchango wa mazishi.

Halafu uliza hao wazee walikuwa wanafanya nini wakati wao. Walikuwa wanaandika barua. Maze, hizo barua! Kalamu ilikuwa inadansi juu ya karatasi. Salamu zilikuwa nyingi kuliko mchanga wa bahari, na mwenye kuandika ni msee wa Molo, bahari hajawahi kuiona, anajua waru na baridi. Ndani ya bahasha wanamwaga poda. Poda ya mtoto! Manzi anafungua barua anapiga chafya, na huyo ndiye mpoa wa miaka hiyo. Wengine walituma kadi za salamu redioni, msee anasalimia majina thelathini ili lile moja analolitaka lijifiche katikati. Halafu anakuja kutuambia sisi hatuna ujasiri kwa sababu tunatumia WhatsApp.

Ngoma zao waliziita zilizopendwa. Soma hilo jina polepole. Walipenda mpaka wakaweka kupenda kwa jina la muziki, sasa sisi tukifeel ngoma ni dhambi. Na kubwa yao ni gani? Malaika, ile Fadhili William alirekodi mwanzo wa miaka ya sitini na Miriam Makeba akaizungusha dunia nzima. Inahusu nini? Chali anataka kuoa, doh hana. Finito. Ngoma kubwa kabisa ya mapenzi hii sehemu yetu ya Afrika ni ya msee amesota. Kwa hivyo mzee akikuambia vijana wa siku hizi mapenzi yao ni pesa, mwekee hiyo ngoma, kaa kando, kunywa chai yako.

Lakini wacha nikuambie kwa nini hili neno limeshika Nax hivi. Hii town kila mtu alikuja na lake. Nyumba ya kwanza ni Wakikuyu, ya pili Wakale, ya tatu Waluo, ya nne Waluhya, ya tano Wakisii, na choo ni ya wote. Kila nyumba iko na neno lake tamu. Mkikuyu anasema "nĩngwendete," na ndani yake kuna "kwenda," ambayo kwao ni kupenda, ni kutaka. Sasa Mswahili mgeni akiskia mtu anasema kwenda, anachukua bag. Mluo anakuambia "aheri" na inateleza tu. Mkale anasema "achamin." Na Mkale ameweka mapenzi mpaka kwa salamu: "chamgei," cham ni kupenda, gei ni nafsi yako. Anakusalimia akitaka kujua kama unajipenda. Kuna redio nzima inaitwa Chamgei FM! Sisi "anajifeel" ni matusi, huko Kabarak barabarani ni njia ya kusema niaje.

Maneno matamu yote hayo, na bado ukimrushia jirani la kwenu, kuna kitu kinasimama katikati. Anaskia kabila kabla askie wewe. Shosho yako anaskia mahari. Guka yako anaskia shamba. Nakufeel haina kwao. Haina guka, haina kamati ya ukoo. Manzi wa mtaa wa Kiti akiambiwa na chali wa Langa Langa, wote wawili wako nyumbani.

Usichanganye na ndugu zake, lakini. Kuna "kubamba." Kitu ikikubamba imekufurahisha, basi. Smocha inaweza kukubamba. Kiatu cha mtumba, ile kamera yenyewe, kinakubamba. Manzi amepita Westside na drip safi amekubamba, kesho umemsahau. Kufeel ni ile imebaki wakati amevua drip, amevaa leso na slippers mbili za kushoto, anaenda kununua sukuma, na bado moyo wako unaruka. Juu yake kuna "nimekufa nimeoza," hiyo imeshuka kutoka kwa Kiswahili cha kitambo na bado iko fiti, lakini ni ya kuambia marafiki, si ya kumwambia mwenyewe. Kuna "crush," hiyo ni kufeel ya mtu mwoga. Kuna "kuzimia," hiyo waachie anko zako. Na kuna "kukatia." Kukatia ni kazi, ni mistari, ni msee anapiga domo mpaka ashike box. Unaweza kukatia mtu humfeel. Mafisi wanafanya hivyo kila Ijumaa. Hyena wa Lake Nakuru unalipa KWS kumwona, huyu wa mtaa anakuja bure na bado ni hasara.

Sasa twende Ngata. Hii story ni ya kwetu na kila mtu wa Nax anafaa kuiweka kwa kichwa. Kulikuwa na sonko moja wa Uingereza, Lord Maurice Egerton, mwenye mashamba upande wa Njoro. Huyo huyo wa jina la chuo. Alianza kujenga castle mwaka wa 1938. Vita Kuu ya Pili ikaingilia, mafundi wakasimama, wakarudi, nyumba ikaisha 1954. Vyumba 52. Sakafu ya dansi. Piano. Msee mmoja anaishi ndani. Masimulizi ya hapo, yale guide atakupigia ukitembea kwa hizo corridor, ni kwamba alikuwa ameona manzi fulani wa Ulaya. Nyumba ya kwanza manzi aliikuta ndogo, akasema hiyo ni ya kuku. Jamaa akasema sawa, ngoja. Akajenga castle. Manzi akaikataa pia. Basi Lord akakasirikia wanawake wote waliozaliwa. Akawapiga marufuku kukanyaga compound yake, na akakaa hivyo mpaka alipokufa 1958.

Character development ya kwanza kurekodiwa central Rift.

Niambie sasa. Vyumba 52, miaka kumi na sita, vitu vinavuka bahari na meli, na katika hiyo story yote, vile inasimuliwa, hakuna mahali jamaa anakaa chini na huyo dem anasema kwa mdomo: nakufeel, wewe je? Anaanza na fundi! Alikuwa anauliza swali kwa mawe. Neno moja lingemwokolea cement. Na huyo dem alikuwa na haki yake kusema zii, hiyo ndiyo sehemu jamaa hakuwahi kuelewa. Nyumba haikubaliwi kwa niaba ya mtu.

Leo castle iko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton na unajua inafanyiwa nini? Harusi. Photoshoot. Madem wanaingia na gauni refu, wanapanda zile ngazi alizokataza, wanasimama kwa balcony yake, photographer anapiga kelele "smile!" Hiyo picha ndiyo naifeel kuliko zote za Nakuru County.

Lakini usicheke Lord sana, kwa sababu Nax imejaa watoto wake. Kila mwisho wa mwezi kuna chali anajenga castle. Hajui kusema anafeel, kwa hivyo anatuma. Anatuma fare, anatuma lunch, anatuma ya nywele. Cheki, tangu M-Pesa ianze Machi 2007, fare imebadilisha mapenzi Kenya hii kuliko Biblia na Kurani. Kitambo manzi alikuwa anafika, ndio unamrudishia fare mkononi. Sasa inatangulia. Na kitu ikitangulia, inaweza kuliwa. Umetuma thao, yeye ako Naka anasema ako njiani. Saa moja, ako njiani. Saa mbili, ako njiani. Saa tatu simu imezimwa, na wewe umesimama stage umevaa shati ya kupigwa pasi. Hiyo inaitwa kuliwa fare, na hakuna dawa.

Kuna wale wanareverse. Wanatuma ujumbe 456 na machozi. Usikuwe huyo msee. Kuliwa fare ni aibu ya siku moja, kureverse fare ni jina unapewa mtaani mpaka uhame.

Tangu Januari 2019 kuna Fuliza, kwa hivyo sasa unaweza kuliwa fare ambayo hata si yako. Hii naisema kwa upendo: msee anayeingia Fuliza kumwonyesha mtu anamfeel, hajamwonyesha kitu. Amemwonyesha deni. Manzi hajui hata kama ulikopa, anaona tu thao. Wewe ndiye uko kwa keja unakunywa maji kesho. Na madem wangu, skizeni pia, kula fare ya mtu anakufeel kwa ukweli ni kukula mtu. Kama humfeel, sema. "Sikufeel hivyo" ni maneno mawili, hayana transaction cost.

Halafu Februari inafika. Hapa ndio nakasirika kabisa. Waridi. Naivasha iko county gani? Nakuru County. Yale ma-greenhouse yako kando ya lake, maua yake yanajaza ndege, yanaenda Uholanzi mpaka soko la mnada la Aalsmeer, na kutoka hapo yanasambaa Ulaya. Msee wa Ujerumani akitaka kumwambia dem wake vile anamfeel, huenda anamwambia na ua limekatwa na mathee wa Karagita aliyeamka saa kumi na moja. Ua ni letu! Maji ni yetu! Mgongo unaouma ni wetu! Halafu tarehe kumi na nne unafika Kenyatta Avenue, waridi moja, limefungwa na nailoni na kautepe, soo mbili. Jana lilikuwa soo. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa "leo ni leo, boss." Huyo mathee wa Karagita siku hiyo ako shift, na nina swali, nani anampelekea ua?

Kama unataka kumfurahisha mtu wa central Rift, wacha nailoni. Mtu wa Molo akikufeel kwa ukweli anakutumia gunia la waru. Gunia! Linashushwa stage na makanga wawili na jina lako limeandikwa na kalamu nyekundu. Mtu wa upande wa Ravine akikufeel, mathake anakupa kibuyu cha mursik na anakukazia macho mpaka umalize. Mtu wa Subukia anakuja na parachichi. Hizo hazina filter, hazipostiwi vizuri, lakini jaribu kukosa fare ya wiki ukiwa na waru mia mbili kwa keja, ndio utajua nani alikuwa anakufeel.

Kuhusu date, mambo ni hivi. Tangu tupewe charter tarehe 1 Desemba 2021 tukawa city ya nne, kila kiti kilicho na mto kimejiona Nairobi. Kahawa moja imefikia bei ya smocha tano. Vasha nayo, tangu Safari Rally irudi kwa WRC Juni 2021, hiyo weekend moja inakula doh ya mwaka: tent bei ya bedsitter, maji bei ya soda, vumbi ndio bure. Couples wanaenda wawili wanarudi na magari mawili. Sisemi usiende. Nasema kama hamjawahi kuambiana mnafeeliana, Vasha si mahali pa kuanzia kujua.

Mimi napeleka mtu Menengai. Boda mpaka juu, au miguu kama mko na pumzi, na hapo mbele kuna shimo kilomita kama kumi na mbili kwa nane, volkano imelala, moshi unatoka chini mahali wanachimba mvuke. Ukiongea hapo upepo unachukua nusu ya maneno, kwa hivyo unasema yale ya maana tu. Wazee wanasema jina lake la Kimaasai ni mambo ya maiti na vita vya kitambo, eti si mahali pa kupeleka msichana wa watu. Wazee pia hawataki tukae Nyayo Gardens, hawataki tukae lake, hawataki tukae kwa keja. Wanataka tupatane wapi, kwa mkutano wa chifu?

Za aibu sasa. Kuandika "nakufeel" kwa status ili mmoja aone na mia tatu waone pia: aibu. Kutuma saa nane usiku ukiwa sherehe, na typo: aibu mara mbili, hata kama ulimaanisha. Voice note ya dakika saba na maji yanatiririka nyuma: block. Kumwambia manzi mbele ya boyz wako ili asiweze kukataa, hiyo si aibu, hiyo ni unyanyasaji na boyz wako wanafaa kukushusha hapo hapo. Na wewe umeambiwa, usijibu "aww." Usijibu "thanks." Usitume kile kidole gumba. Mtu amekufungulia kifua, wewe unampa kidole. Kama unamfeel sema. Kama humfeel sema poa, mapema, bila kumchoresha kwa group.

Manze, kuna matumizi moja ya hili neno nayaheshimu kuliko yote, na hayana manzi ndani.

Wewe ni chali umekulia Rhonda. Kutoka ukiwa mtoi hakuna mwanaume amewahi kukuambia anakupenda. Mbuyu wako anakupenda, lakini anakuonyesha kwa kulipa fees na kukuuliza kama umekula. Ukiambia boyz wako "nakupenda," base yote inanyamaza, mtu anakohoa, mtu anauliza uko sawa. Lakini "nakufeel, buda"? Inapita. Inapita na ngumi kwa bega. Tumepata mahali pa kupitishia kitu ambacho baba zetu walikufa nacho kwa koo, na hiyo peke yake inatosha kunyamazisha kila odijo aliyewahi kushika chaki.

Na Nax si mahali pa kuchukulia hiyo mchezo. Januari 2008, baada ya uchaguzi, hii town iliungua. Kapte, Rhonda, watu waliokuwa wanaazimana chumvi walianza kuulizana majina ya ukoo. Afraha Stadium na Showground zikajaa familia na magodoro. Watu zaidi ya elfu moja waliuawa nchi nzima miezi hiyo, na sisi tulikuwa mmoja wa miji iliyoumia sana. Wengi wetu tulikuwa watoi, wengine tumbo. Wazee wanaotufundisha maneno safi ya mapenzi ndio waliokuwa wakubwa wakati huo. Wao ndio walikuwa na "mpende jirani yako" kwa Kiswahili sanifu kabisa, imeandikwa ukutani.

Halafu Juni 2024 ikafika, watu wa rika letu wakajaa barabara kuandamana, hapa Nakuru na kwingine, wakisema hawana kabila. Nilikuwa naskia hilo neno kila mahali. Msee amepata teargas, msee hamjui anamwagia maji kwa macho anamwambia "nakufeel, bro, pumua." Jina la ukoo hakuna aliyeuliza. Naamini Sheng ilifanya hiyo kazi miaka mingi kabla ya hiyo Juni, stage kwa stage, base kwa base, kwa kutupatia maneno ambayo hayana kijiji.

Kwa hivyo kuna boyz wako mmoja, na unamjua. Amenyamaza kwa group wiki mbili. Kazi iliisha, ama aliachwa, ama mathake amelazwa Level 5, na kila mtu anamtumia emoji ya moyo uliopasuka. Usimwandikie paragraph. Nunua smocha mbili, moja na pilipili moja bila, ingia mathree ya Lanet kabla ipande bei ya jioni. Gonga. Kaa chini. Mwambie unamfeel, uongeze jina lake mwisho, lile la nyumbani, halafu nyamaza mle. Fare ni yako, ya kwenda na kurudi.